Ngoma isiyoandikwa haipati viza

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kauli hiyo ina ukweli wake sokoni, lakini kwa msanii wa kwetu anayetaka kuvuka bahari kwenda kutumbuiza, wema wa sanaa yake pekee hautoshi. Sharti wema huo uwe umeandikwa na kushuhudiwa na watu ambao maafisa wa uhamiaji wako tayari kuwaamini. Hapo ndipo wasanii wetu wengi hukwama, na hapo ndipo ninapoamini kwamba walimu na wanafunzi wa nchi hii wana wajibu.

Kwanza tuondoe dhana moja potovu. Nimewasikia vijana wengi waliong'ara katika tamasha za muziki za shule na vyuo wakidhani kwamba barua ya mwaliko ni ruhusa ya kusafiri. Sivyo hata kidogo. Kwa wanaokwenda Marekani, viza ya mgeni wa kawaida haimruhusu mtu kupanda jukwaani kwa malipo. Kikundi cha ngoma za asili huhitaji viza ya daraja la P-3, iliyotengewa sanaa zenye upekee wa kitamaduni, na ombi lake haliwasilishwi na wenye ngoma. Huwasilishwa na mwenyeji au wakala aliyeko Marekani. Likikubaliwa, ndipo kila mmoja, mpigaji na mchezaji, huomba viza yake ubalozini.

Gharama nazo si haba. Mnamo Aprili 2024, ada ya ombi hilo ilipandishwa kutoka dola 460 hadi dola 1,615 kwa mwajiri mkubwa, ingawa waajiri wadogo na mashirika yasiyotafuta faida walipewa nafuu. Isitoshe, ombi moja haliwezi kubeba majina zaidi ya 25, kwa hivyo kwaya ya watu 40 huhitaji maombi mawili. Hapo hatujataja ada ya viza yenyewe, ambayo mwaka 2023 ilifikishwa dola 205 kwa kila mtu, wala nauli.

Uingereza nako, msanii anayeomba viza ya kazi ya muda huhitaji cheti kutoka kwa mdhamini mwenye leseni. Aidha, hutakiwa kuonyesha kwamba amekuwa na paundi 1,270 benki kwa siku 28 mfululizo, isipokuwa mdhamini huyo awe ameahidi kumkimu. Najiuliza: ni mpiga nyatiti gani wa Siaya, anayelipwa harusini na matangani, ambaye fedha zake hulala benki siku 28 bila kuguswa?

Wala tusidhani kwamba vikwazo hivi huwapata limbukeni pekee. Mwaka 2018, tamasha ya WOMAD nchini Uingereza iliwakosa Wazimbo wa Msumbiji na baadhi ya wanamuziki wa kundi la Tal National kutoka Niger kwa sababu ya matatizo ya viza. Wazimbo alikuwa mkongwe ambaye sauti yake ilikwisha kufahamika mbali na kwao.

Sikatai kwamba kila dola ina haki ya kulinda malango yake. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1952 huwahesabu waombaji wengi wa viza za muda kuwa watu wanaonuia kuhamia huko, hadi wathibitishe kinyume. Msanii anayetoroka baada ya onyesho huitia nguvu shaka hiyo, na wanaoumia ni wenzake wanaobaki nyuma.

Hata hivyo, kuna sehemu ya mzigo huu iliyo mikononi mwetu. Mwenyeji anayewaombea wasanii viza ya P-3 hutakiwa kuambatisha barua za wataalamu wanaoijua sanaa hiyo, au maandishi yaliyochapishwa magazetini na majaridani kuihusu. Niliwahi kuketi na kikundi kimoja cha sengenya kutoka Kwale tukiutafuta ushahidi wa namna hiyo. Wazee wale walikuwa wamecheza kwa zaidi ya miaka 30. Karatasi walizokuwa nazo ni picha mbili na cheti kimoja cha kushiriki, ambacho jina la kikundi lilikuwa limeandikwa visivyo. Mwenyeji alisubiri kwa miezi kadhaa, kisha nafasi yao akawapa wengine.

Linganisha na isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Utamu wa ngoma peke yake haukuifikisha huko; kuna watu walioketi wakaandika maelezo yake, wakayapeleka panapohusika.

Tamasha za Muziki za Kenya zimekuwapo tangu mwaka 1927. Ni hazina kubwa iliyoje ya tahakiki ambayo ingekuwapo laiti kila shule ingaliandika ilichokiona! Mwalimu wa Kiswahili anayetafuta mada ya insha awatume wanafunzi kwa kikundi cha ngoma kijijini mwao. Waandike jina la kikundi bila kosa, tarehe, mahali, ala zilizopigwa na maana ya nyimbo. Kisha insha bora zichapishwe katika jarida la shule na nakala wapewe wasanii. Wahadhiri wa muziki nao wasione uzito kuandika barua za kitaalamu. Na mwanafunzi wa sanaa afundishwe kusoma mkataba jinsi anavyofundishwa kusoma noti, ili asiuziwe viza na tapeli wa mjini.

Serikali nayo ina lake la kufanya. Kenya iliondoa viza kwa wageni Januari 2024, ikaweka kibali cha kuombwa kwa intaneti. Wanaopokewa hivyo wanaweza kuombwa, kwa heshima, kuwalegezea masharti wasanii wetu. Lakini mazungumzo ya serikali huchukua miaka, ilhali insha huandikwa kwa juma moja. Tamasha zijapo mwaka huu, wanafunzi, msiende na makofi pekee. Nendeni na kalamu.