Programu ya Mishahara Inapokata Kodi Isivyofaa

Duka la vifaa vya ujenzi, zahanati au shule ya kibinafsi mjini Webuye huenda haina mhasibu, lakini ina kompyuta yenye programu ya mishahara. Karani huingiza majina na mishahara, programu hutoa PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, na kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata pesa zinatakiwa ziwe zimefika kwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA. Programu hiyo hufuata kanuni ilizowekewa. Sheria ikibadilika na kanuni zisibadilishwe, kosa hujirudia kila mwisho wa mwezi kwa kila mfanyakazi.

Badiliko linalozikwaza programu nyingi lilianza tarehe 27 Desemba 2024. Kabla ya hapo, mchango wa afya (SHIF) na ushuru wa nyumba vilikatwa kwenye mshahara, lakini pesa hizo bado zilihesabiwa kuwa mapato ya kutozwa kodi. Kwa ushuru wa nyumba, mfanyakazi alipewa nafuu ya asilimia 15 ya alichochanga. Sasa nafuu hiyo imefutwa. Badala yake, michango yote miwili huondolewa kwanza, pamoja na mchango wa uzeeni (NSSF), ndipo kodi ihesabiwe.

Tuchukue muuzaji anayelipwa shilingi 40,000 kwa mwezi. NSSF ya asilimia 6 ni 2,400, SHIF ya asilimia 2.75 ni 1,100, na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ni 600. Ukiondoa jumla yake, 4,100, kinachotozwa kodi ni 35,900. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, yaani 2,400. Shilingi 8,333 zinazofuata hutozwa asilimia 25, yaani 2,083.25. Zilizobaki, 3,567, hutozwa asilimia 30, yaani 1,070.10. Jumla ni 5,553.35. Ondoa nafuu ya kibinafsi ya 2,400, na PAYE halisi ni 3,153.35.

Programu inayoondoa NSSF peke yake itakata 3,663.35. Kila mwezi mfanyakazi huyo anapoteza shilingi 510, na kwa mwaka 6,120. Kuna pia programu iliyowekewa kanuni mpya bila kufutiwa ile ya zamani: inaondoa michango, kisha inatoa tena nafuu ya nyumba ya shilingi 90. Hiyo inakata pungufu, na sheria humdai mwajiri kodi ambayo hakuikata, pamoja na adhabu na riba.

Kwa hiyo, chukua hati moja ya mshahara na uihesabu kwa mkono kama tulivyofanya. Tofauti ikizidi senti chache, fungua mipangilio ya makato. Hakikisha SHIF na ushuru wa nyumba vimewekwa kama makato yanayotangulia kodi, na nafuu ya nyumba imezimwa. Angalia pia kikomo cha NSSF, ambacho kimekuwa kikipanda kila Februari: kilikuwa mshahara wa 36,000 mwaka 2024, kikawa 72,000 mwaka 2025. Mfanyakazi mwenye ajira mbili apewe nafuu ya 2,400 kwa mwajiri mmoja tu.

Kurekebisha mwezi huu hakutoshi. Rudi nyuma hadi mwezi kosa lilipoanza, uhesabu upya, kisha uwasilishe kwenye iTax, mfumo wa mtandaoni wa KRA, taarifa iliyorekebishwa ya kila mwezi uliokosewa. Usibadilishe fomu P9 ya mwaka ya mfanyakazi peke yake, kwa sababu isipolingana na taarifa ulizotuma, mfanyakazi ndiye atakayesumbuka. Aliyekatwa zaidi anaweza kudai kurudishiwa anapowasilisha taarifa yake ya mwaka, ambayo mwisho wake ni tarehe 30 Juni. Asiyeweza kufanya hivyo kwa simu atasaidiwa katika Huduma Centre ya Bungoma au ya Kitale.

Tangu Julai 2025, sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nafuu na makato yote anayostahili anapokokotoa PAYE. Wajibu huo ni wa mwajiri, wala haumhusu aliyemuuzia programu. Kila Februari na kila Julai, na wakati wowote sheria ya kodi inapoguswa, hesabu hati moja kwa mkono kabla ya kulipa mishahara. Shilingi 510 ni haki ya mtu aliyeifanyia kazi.