Kipupwe na Bei ya Maji ya Moto

Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, Makete na Njombe, kusini mwa Tanzania, hupata baridi ambayo mtu wa Pwani haisadiki mpaka imkute. Kitulo, kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, kuna asubuhi nyasi huamka nyeupe kwa barafu. Vijijini nyumba nyingi hazina bomba ndani, sembuse hita; bafu ni kijumba cha mbao au mabati uani, upepo ukipenya chini ya mlango. Mgeni akimwona mtoto ana miguu iliyopauka kwa vumbi, haraka husema ni uvivu wa wazazi. Hukumu hiyo inaniuma, kwa sababu si ya haki. Hata pale ambapo kijito kiko karibu, kinachopungua ni joto, na joto lina bei.

Tupige hesabu. Tuchukulie maji ya kijito yana nyuzi 12 za sentigredi. Kupasha lita 10, yaani nusu ndoo, zifike nyuzi 40, kunahitaji takriban kilojuli 1,170. Kilo moja ya kuni kavu ina kilojuli kama 16,000, lakini mafiga matatu hufikisha kwenye sufuria sehemu ndogo tu, tuseme asilimia 15. Nyingine inapotelea hewani. Kwa hiyo kila anayeoga ameteketeza karibu nusu kilo ya kuni. Watu sita wakioga kila siku, mzigo wa kilo 20 aliobeba mama kichwani unaisha ndani ya wiki, na hapo hajasonga ugali hata mara moja.

Ndiyo maana wenye uzoefu hawawashi moto kwa ajili ya kuoga tu. Ugali ukishaepuliwa, sufuria ya maji yenye mfuniko hubandikwa kwenye makaa yaliyobaki, watu wakiwa wanakula. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 maji huchemka yakifika nyuzi 93 hivi. Lita tatu na nusu za maji hayo, ukiyapooza kwa ya baridi, zinakupa lita zako 10.

Lakini baridi inayotesa hasa huja baada ya kujimwagia. Maji yanayokauka mwilini huondoka na joto la ngozi: mililita 100 tu zikiachwa zikauke zenyewe huchukua kama kilojuli 240, moja ya tano ya joto lililopasha ile nusu ndoo. Taulo kavu basi lina faida kuliko lita mbili za nyongeza. Ni busara pia kuoga kwa sehemu. Unaosha uso, shingo na kwapa, unajifuta, unavaa fulana. Ndipo unavua chini, unasafisha sehemu za siri, na miguu inakuja mwisho. Mafuta yapakwe ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, isipasuke. Kwa kata ndogo, lita nne zinatosha. Watoto waogeshwe saa tisa alasiri, si alfajiri.

Mwaka 1972 Gilbert White, David Bradley na Anne White walichapisha utafiti wao kuhusu matumizi ya maji majumbani Kenya, Uganda na Tanzania. Walionyesha kwamba yako maradhi, kama upele na trakoma ya macho, ambayo hupungua watu wakipata maji mengi zaidi ya kunawa, hata kama maji hayo si safi kiasi cha kunyweka. Maji ya kuoga hayahitaji kuchemshwa yakatokota. Yakipata uvuguvugu tu, kazi imekwisha, na kuni zimebaki.

Kuna jambo moja lisilo na mjadala. Usiingize jiko la mkaa bafuni ukafunga mlango ili upate joto. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na huua mtu kabla hajajua anaishiwa nguvu. Mzee au mtoto anayetetemeka aogeshwe jikoni, mlango ukiwa wazi, karibu na mafiga yenyewe.