Je, wajua? Kona inayokula bando kimyakimya

Katika steshenari nyingi za Katesh, Haydom au Mbulu mjini, kompyuta ya mezani hupata intaneti kwenye simu ya mwenye duka. Bando la asubuhi likiisha kabla ya adhuhuri, lawama zote huenda kwa kampuni ya simu. Lakini kabla ya kulaumu, tazama kona ya chini kulia ya kioo, palipo na saa, spika na alama ya mtandao.

Hilo ni eneo la arifa. Lilikuja na Windows 95, iliyoingia sokoni Agosti 1995, na humo hukaa alama za programu zinazofanya kazi bila kufungua dirisha. Ndiyo maana kubonyeza X hakutoshi: dirisha linaondoka, programu inabaki, inatumia memori na intaneti. Tangu Windows 7 ya mwaka 2009, nyingi ya alama hizo hufichwa nyuma ya mshale mdogo unaotazama juu. Ubonyeze uone waliomo: OneDrive inayopandisha picha mtandaoni, antivirusi, programu za kupigia simu. Usiyoihitaji, bofya alama yake kwa kitufe cha kulia cha mausi, kisha uizime.

Masasisho ya Windows yenyewe hayazimwi hapo. Kwenye kompyuta, fungua mipangilio ya Wi-Fi inayotoka kwenye simu hiyo, washa "Metered connection". Kompyuta ikishajua kuwa intaneti hiyo inanunuliwa kwa kipimo, huahirisha mengi ya masasisho hayo.

Na ile alama ya mtandao inajuaje kuwa intaneti ipo? Windows 10 na 11 huomba kijifaili kutoka kwenye seva ya Microsoft. Ndani yake mna maneno matatu tu, "Microsoft Connect Test": baiti 22, nafasi zikihesabiwa. Kikifika kama kilivyo, alama ya Wi-Fi inakaa. Kisipofika, inatokea tufe la dunia. Kwa hiyo tufe halimaanishi lazima kwamba Wi-Fi imekatika. Simu inaweza kuwa hewani, bando ndilo limeisha.

Chomeka flashi, na alama nyingine itaongezeka, ya kuichomoa kwa usalama. Tangu toleo la Oktoba 2018 la Windows 10, flashi huandikwa moja kwa moja bila data kusubiri kwenye memori, kwa hiyo hatari imepungua. Haijaisha: ukiing'oa faili likiwa bado linanakiliwa, mteja ataondoka na faili bovu.

Saa nayo ina yake. Swichi kuu ya duka ikizimwa usiku, saa ya kompyuta huendeshwa na betri bapa ya volti 3, mara nyingi CR2032, iliyo kwenye ubao mama. Betri ikifa baada ya miaka, tarehe hurudi nyuma, na tovuti salama hukataa kufunguka kwa sababu vyeti vyao vya usalama vinaonekana havijaanza kutumika. Fundi anaweza kupiga Windows upya bila tatizo kuisha. Badilisha betri, rekebisha tarehe, na kwenye kanda za saa chagua UTC+3, Nairobi, maana Dodoma na Dar es Salaam hazimo kwenye orodha hiyo.