Mwanachama, mpenzi, mkereketwa: kwa Kiingereza utajiitaje?

Wadau wa Mamba na Mpanda yote, kampeni zikianza spika za magari zinatuita hivi: wanachama, wapenzi na wakereketwa wa chama fulani! Hao ni watu watatu tofauti. Noma inakuja ukichati kwa Kiingereza halafu wote ukawaita "member". Tuyapange moja moja.

"Member" ni mwanachama. Ana kadi, analipa ada. Kama huna kadi, usijiite hivyo.

"Supporter" ni mfuasi au shabiki, awe na kadi au asiwe nayo. Simba na Yanga wanao, vyama navyo wanao. Hili ni neno salama kabisa. Kama ni mkereketwa, yaani damu inachemka, sema "staunch supporter".

"Sympathizer" ni yule mpenzi: moyo uko huko, jina halimo kwenye daftari. Ila angalia, magazeti ya Kiingereza hulitumia sana kwa makundi yanayopigwa vita, hivyo linaweza kusikika kama tuhuma.

"Fellow traveller" siyo abiria mwenzako wa basi la Sumbawanga! Miaka ya 1920 Leon Trotsky aliwaita hivyo, kwa Kirusi, waandishi waliokubali mapinduzi bila kuwa wakomunisti. Miaka ya 1950 Marekani, enzi za Seneta McCarthy, kubandikwa jina hilo kuliweza kukukosesha kazi. Usimbandike mtu ovyo.

Sasa kwa nini tuhangaike na maneno? Kwa sababu Bongo tofauti hii ni ya kisheria. Kupiga kura hakuhitaji kadi ya chama, kunahitaji ya mpiga kura. Lakini kugombea urais au ubunge, Katiba ya 1977, ibara ya 39 na 67, inataka uwe mwanachama na chama kikusimamishe. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga sharti hilo mahakamani tangu miaka ya 1990. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ilisema hilo ni la Bunge, siyo la mahakama. Juni 2013 Mahakama ya Afrika, pale Arusha, ikasema sharti hilo linavunja haki. Mtikila alifariki 2015, sharti likiwa palepale.

Kwa hiyo "supporter" asiye na kadi anachagua, lakini hachaguliwi. Wewe uko kundi gani, na unaona ni haki?