Kompyuta Moja, Kadi Mbili, Lango Moja

Katika nyumba zetu nyingi kompyuta ya biro ina kazi mbili. Kazi ya ndani ni kusoma daftari zilizowekwa katika mashini kubwa ya maktaba, na kupeleka karatasi kwenye mashini ya kuchapa. Kazi ya nje ni kutuma na kupokea barua kwa intaneti. Ya ndani hupita katika waya. Ya nje hupita hewani, kwa kisanduku cha kampuni ya simu. Ndiyo maana kompyuta hiyo ina kadi mbili za mtandao.

Hapo matata huanza. Siku moja mwalimu mmoja aliniita, kwa sababu intaneti yake ilikufa kila alipochomeka waya wa maktaba. Akiuchomoa, intaneti inarudi, lakini daftari za alama hazionekani tena. Kwa muda wa wiki mbili alikuwa akichomeka na kuchomoa, na alama za wanafunzi alizinakili kwa mkono, asije akazikosa siku ya mkutano wa walimu. Alidhani waya umeoza. Waya ulikuwa mzima, na kadi pia. Kompyuta ilikuwa imepewa malango mawili.

Lango ni nini? Kila kadi ina anwani yake, kwa mfano 192.168.20.5, pamoja na namba nyingine, 255.255.255.0, inayosema kwamba sehemu tatu za mbele ni jina la mtaa, na ile ya mwisho ni namba ya nyumba. Katika mtaa wa namna hiyo zaweza kukaa mashini 254. Kompyuta ikitaka kupeleka ujumbe, kwanza hutazama: je, anwani ile ni ya mtaa wa kadi yangu mojawapo? Ikiwa ndiyo, huupeleka moja kwa moja. Ikiwa siyo, huukabidhi kwa lango, yaani mashini ijuayo njia za mbali. Kwenye skrini za Kifaransa lango huitwa «passerelle par défaut».

Basi, kuandika lango ni kuiambia kompyuta: yote usiyoyajua, yapeleke huku. Ukiandika malango mawili, umeipa amri mbili zinazopingana. Nayo haitakuuliza. Huchagua lango lenye namba ndogo ya gharama, na Windows huipa namba ndogo kadi yenye mwendo mkubwa, mara nyingi ile ya waya. Kwa hiyo barua zote za nje zilipelekwa maktabani, pasipo njia ya kutokea, zikafia huko.

Dawa yake ni fupi. Kadi ya intaneti iache ipokee anwani na lango kutoka kisanduku chake. Kadi ya waya uiandikie anwani kwa mkono, na mahali pa lango uache wazi. Narudia: wazi kabisa, hata sifuri usiandike. Kadi hii haihitaji lango, kwa kuwa maktaba ni mtaa wake mwenyewe.

Pengine mtu atasema: «Nimefanya hivyo, na bado inakataa.» Tazama basi majina ya mitaa. Visanduku vingi hutoka kiwandani na mtaa uleule, 192.168.1 au 192.168.0. Kama mtaa wa ndani na wa nje una jina moja, kompyuta haiwezi kuitofautisha. Badili ule wa ndani, ambao ni mali yako. Tangu mwaka 1996 kanuni za intaneti zimetenga anwani zote zinazoanza na 192.168, na zile zinazoanza na 10, kwa matumizi ya ndani. Chagua bila kuomba ruhusa.

Na kama shule iko ng'ambo ya uwanja, katika mtaa wa tatu? Hapo pia usirudishe lango la pili. Fungua dirisha la amri kwa haki za msimamizi, uandike njia ya mtaa ule tu: «route -p add 192.168.30.0 mask 255.255.255.0 192.168.20.1». Namba ya mwisho ni ya mashini inayounganisha mitaa miwili ya ndani. Herufi p huifanya kompyuta ikumbuke njia hata baada ya kuzimwa, jambo la maana kwetu ambao umeme hutukatikia mara kwa mara.

Neno moja juu ya daftari zenyewe. Kadi mbili peke yake haziwafungulii watu wa nje mlango wa maktaba. Kompyuta haipitishi ujumbe toka upande mmoja kwenda wa pili isipoamriwa. Lakini skrini huonyesha pia neno «pont», na mwanafunzi mpenda kugusagusa akilibonyeza baada ya kuchagua kadi zote mbili, mitandao miwili inakuwa mmoja. Usimwache. Upande wa intaneti utie alama ya mtandao wa watu wote, ili kompyuta isionyeshe mafaili yako huko. Na kwa kuwa mashini hii imesimama pande zote mbili, virusi vikiingia humo vimekwisha kukaribia maktaba. Ndiyo ya kwanza kupewa dawa mpya za kujikinga, na ndiyo ya mwisho kukopesha wageni.

Mwalimu yule tulimfutia namba moja tu. Karatasi za alama alizozinakili angali anazo katika kabati lake.