Garissa haina reli, lakini meza yako yaweza kuwa nayo

Je, msomaji, mwanao amewahi kuliona garimoshi kwa macho yake? Ikiwa unaishi Nairobi, Voi au Kisumu, huenda ukalicheka swali hili. Lakini ikiwa makao yako ni Garissa, Dadaab, Wajir au Mandera, unajua si swali la kuchekwa. Watoto wengi wa huko humjua ngamia kabla ya kuijua baiskeli, na basi la Nairobi hulitambua kwa honi yake tu. Garimoshi hulikuta katika kitabu cha shule. Mwalimu husema "behewa", nao huandika "behewa", kisha somo likaendelea.

Si kosa lao. Reli iliyoanza kulazwa Mombasa mwaka wa 1896 ilifika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Baadaye matawi yalipelekwa Thika, Nanyuki, Kitale na kwingineko, lakini hakuna hata moja lililoelekezwa Garissa. Mkaazi wa mji huo akitaka kufuata barabara kuu hadi aione reli, sharti asafiri zaidi ya kilomita 300 mpaka Thika. Ng'ambo ya mpaka, Waitaliano walijenga reli ndogo kutoka Mogadishu hadi mji ambao leo huitwa Jowhar, nayo iling'olewa miaka ya 1940.

Matumaini yalizuka tarehe 2 Machi, 2012, wakati marais Mwai Kibaki wa Kenya na Salva Kiir wa Sudan Kusini, pamoja na Waziri Mkuu wa Ethiopia, Meles Zenawi, walipokutana Lamu kuzindua mradi wa LAPSSET. Mradi huo ulikuwa na bandari, barabara, bomba la mafuta, na reli ya kutoka Lamu kupitia Garissa hadi Isiolo na kuendelea mpaka nchi jirani. Gati la kwanza la bandari lilifunguliwa Mei 2021. Reli bado haijalazwa.

Sasa tufanye nini? Tukae tukingoja? Ukurasa huu una shauri jingine kwa jamaa yako: ilazeni reli hiyo nyumbani, juu ya ubao, wakati wa likizo. Ni mchezo, naam, lakini ni mchezo utakaowafunza watoto hesabu, jiografia na useremala kwa pamoja. Na kama utakavyoona, utawafanya wazee wa nyumba nao waseme neno.

Ubao na vipimo

Anza na plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4, ile inayouzwa katika duka lolote la vifaa vya ujenzi. Hiyo ni sentimita 244 kwa 122. Ipigilie fremu ya mbao chini ili isipinde, kisha uiweke juu ya meza au miguu imara. Kama chumba ni kidogo, ikate mara mbili uiunganishe kwa bawaba, iwe yakunjika na kuegemezwa ukutani wakati wa kulala.

Pili, chagua kipimo. Wapenzi wa garimoshi ndogo ulimwenguni kote hutumia sana reli yenye upana wa milimita 16.5. Hapa mpe mwanao hesabu afanye. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa 2017, ina upana wa milimita 1,435. Gawanya kwa 16.5 utapata 87. Yaani kila kitu mezani ni kidogo mara 87 kuliko kilivyo. Mtu wa kimo cha mita 1.75 atakuwa na milimita 20. Lakini reli ya zamani ina upana wa mita moja. Ukitaka njia hiyohiyo ya milimita 16.5 iwakilishe reli ya zamani, gawanya 1,000 kwa 16.5 na utapata karibu 60, na mtu yule yule atarefuka kufikia milimita 29. Chagueni kipimo kimoja tu. Nyumba, miti na ngamia vyote vifuate hicho, la sivyo mbuzi atakuwa mkubwa kuliko stesheni.

Kulaza reli

Usianze kugundisha. Kwanza panga reli zote bila gundi, chora njia kwa penseli, kisha sukuma behewa kwa kidole kuizunguka njia yote. Mahali litakaporuka leo kwa kidole, garimoshi litaanguka kesho kwa umeme.

Zingatia mambo matatu. La kwanza ni kona. Garimoshi halikati kona kama pikipiki. Kwa reli ya milimita 16.5, kutoka kitovu cha kona hadi kwenye reli kusipungue sentimita 37, na 44 ni bora zaidi. Ubao wa upana wa sentimita 122 unatosha.

La pili ni mwinuko. Usizidishe sentimita 3 kwa kila sentimita 100, maana magurudumu ya chuma juu ya chuma huteleza. Ukumbuke kipimo hiki, tutakirudia.

La tatu ni joto. Garissa si Limuru! Reli ya urefu wa mita 3 hurefuka kwa karibu milimita moja joto likipanda kwa digrii 20. Ukizibana zote bila nafasi asubuhi, alasiri utazikuta zimejipinda. Acha mwanya mdogo, kama unene wa kadi, kila baada ya reli chache. Mafundi wa reli kubwa za zamani waliacha mianya kama hiyo, ndiyo maana abiria husikia taka-taka, taka-taka njiani.

Ukisharidhika, gundisha mataruma kwa gundi nyeupe ya mbao. Yakishakauka, mwaga kokoto zako, yaani mchanga wa mto uliochekechwa, katikati ya mataruma na ubavuni. Usawazishe kwa brashi, urashie maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha udondoshe gundi iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Sabuni huifanya gundi izame badala ya kusimama juu kama umande. Iache usiku kucha.

Huna garimoshi la umeme?

Usivunjike moyo. Garimoshi la umeme la kununua ni ghali, tena halipatikani kila duka. Lakini watoto wetu ni mafundi wa magari ya waya tangu zamani, reli haitawashinda.

Nyosha waya mnene uwe reli. Kata vijiti vya aiskrimu viwe mataruma. Chonga kipande cha mbao cha upana wa sentimita 5, nacho kiwe kipimo chako: kila unapogundisha waya, kiweke katikati ya reli mbili ili upana usibadilike. Behewa ni mkebe wa samaki. Magurudumu ni vizibo vya soda, na ekseli ni spoki ya baiskeli.

Hapa kuna siri moja. Kizibo cha soda kina ukingo uliopanuka. Kitie kwenye spoki ukingo huo ukielekea ndani, baina ya reli mbili. Ukingo ndio utakaolizuia gurudumu lisitoke njiani. Gurudumu la garimoshi kubwa lina ukingo kama huo upande wa ndani, kwa kazi iyo hiyo. Mtoto akishaliona hilo kwa kizibo, hatalisahau.

Ardhi ya Garissa mezani

Baada ya reli, mandhari. Wengi hununua vitabu vya Ulaya na kuiga vilima vya kijani na miti ya misonobari. Ya nini? Tengeneza unachokiona dirishani.

Udongo wetu mwekundu ni bure. Uchekeche, uukaange kwenye sufuria kuukuu ili wadudu wafe, kisha upitishe sumaku juu yake mara kadhaa. Utashangaa kuona chembe nyeusi zikirukia sumaku. Ziondoe zote, kwa sababu mota ya garimoshi ina sumaku ndani na chembe hizo zitaiharibu. Halafu paka ubao gundi, nyunyiza udongo, na ukung'ute unaobaki.

Vilima vidogo vitoke kwenye trei za mayai zilizofunikwa magazeti yaliyolowekwa katika uji wa unga. Migunga itoke kwenye waya mwembamba uliosokotwa, na juu kipande cha sponji kilichokatwa bapa kama mwavuli na kupakwa kijani cha vumbi. Usisahau mikoma ya kando ya mto. Mkoma ni mti ambao shina lake hugawanyika, basi tafuta kijiti chenye panda na ukifunge nyuzi za katani nchani.

Nyumba za mabati ni karatasi ya katoni iliyochunwa ngozi ya juu, ile mikunjo ya ndani ibaki wazi. Herio la Kisomali ni matawi membamba yaliyopindwa na kufunikwa vipande vya mkeka. Kiwanda cha umeme wa jua cha Garissa cha megawati 50, kilichozinduliwa 2019, ni safu za kadibodi iliyopakwa buluu nzito. Na mto Tana usiupake buluu. Tana ni wa rangi ya chai ya maziwa, kwa udongo unaotoka nyanda za juu. Paka hudhurungi, ngoja ikauke, kisha vanishi tabaka tatu au nne.

Ngamia watapita wapi?

Ukifika hapa, mwite babu, au awowe kama wanavyosema Wasomali. Mwonyeshe reli yako ikipita sambamba na mto. Usishangae asipoisifu kwanza. Aghalabu atauliza: "Na mifugo itafikaje majini?"

Swali hilo ni zito kuliko mchezo. Kando ya Tana kuna njia zinazoitwa malka, ambazo wafugaji hupitisha ngamia, ng'ombe na mbuzi kwenda kunywa wakati wa kiangazi. Malka ikizibwa, watu hugombana na mifugo hufa. Reli ni ukuta mrefu, hata kama ni mfupi wa kimo. Waliojenga reli mpya kupitia Tsavo walilazimika kuacha vivuko chini ya tuta ili ndovu wapite. Je, ngamia wa Garissa si watataka vyao?

Basi pimeni. Kivuko cha mita 4 kwenda juu, kwa kipimo cha 87, ni milimita 46. Tia unene wa daraja lenyewe na reli itakuwa juu kwa sentimita 5 hivi. Kwa mwinuko wetu wa 3 kwa 100, garimoshi lahitaji karibu sentimita 167 kupanda kimo hicho, na nyingine 167 kushuka! Ama uinue njia yote juu ya tuta la kimo kimoja, ama uanze kupanda mbali sana. Yote mawili huamuliwa kabla ya gundi. Gundi ikishakauka, kuacha malka ni kubomoa reli.

Tena kuna mafuriko. Wakati wa El Nino ya 1997 hadi 1998, na tena mwaka wa 2024, barabara ya Garissa ilikatwa na maji. Tuta lisilo na kalvati katika nchi tambarare hugeuka bwawa. Weka mirija ya kalamu zilizokwisha chini ya tuta, kisha mwambie mwanao akueleze kazi yake.

Utunzaji

Adui mkubwa mezani ni vumbi. Funika ubao kwa shuka kila jioni, na ufute juu ya reli kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, mbali na jiko. Watoto wasishike transfoma pasipo mtu mzima, wala wasiache sarafu au msumari juu ya reli mbili.

Na siku mtakapokwenda Nairobi, wapeleke katika Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa 1971 karibu na stesheni kuu. Humo mna kichwa cha garimoshi la mvuke kiitwacho Mount Gelai, na behewa ambalo simba alimnyakua ndani yake afisa wa polisi, Charles Ryall, huko Kima mwaka wa 1900.

Waheshimiwa wataendelea kuzungumza juu ya reli ya Lamu hadi Isiolo. Huenda siku moja wahandisi wakaja Garissa na ramani zao, wakaitisha baraza na kuwauliza wananchi maoni. Msomaji, mtoto aliyewahi kuacha malka kwenye ubao wa plaiwudi atakuwa na la kuwaambia, na atajua kwamba wakati wa kulisema ni kabla ya taruma la kwanza kulazwa. Kwa hivyo Jumamosi ijayo tafuteni plaiwudi, penseli na rula, na awowe awekewe kiti karibu.