Baiskeli Kigali: Mkono wa kulia nilijifunzia mtaroni

UKIVUKA daraja la Rusumo kutoka Ngara kuingia Rwanda, kuna jambo moja ambalo ofisa wa uhamiaji hakugongei muhuri. Upande wa Tanzania magari hupita kushoto, upande wa Rwanda hupita kulia. Dereva wa lori hukumbushwa na vibao na foleni iliyo mbele yake. Mwenye baiskeli, mwenye gunia la mchele nyuma na mawazo ya bei kichwani, hukumbushwa na nini? Mimi nilikumbushwa na mtaro.

Nilizaliwa Karagwe mwaka 1979. Wazazi wangu walikimbilia huko mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakiwa bado vijana. Shule ya msingi nilisoma kijijini, sekondari Bukoba, na ualimu huko huko mkoani Kagera. Baiskeli nilifundishwa na kaka yangu kwenye Phoenix ya baba, ile nyeusi yenye kengele kubwa. Nikikaa kitini miguu haikufika kwenye pedali, kwa hiyo nilipitisha mguu katikati ya fremu na kuendesha nikiwa nimepinda, kama walivyofanya watoto wote wa rika langu. Somo la kwanza la kaka halikuhusu breki. Lilikuwa maneno mawili: "Kaa kushoto." Aliyarudia mpaka yakaingia mwilini, nikawa siyafikirii tena.

Mwaka 2001 nilirudi nyumbani, ingawa nyumbani kwenyewe nilikuwa sijawahi kukaa. Tulipita kwenye daraja la zamani la Rusumo, lile jembamba ambalo magari yalilipita moja moja. Hili jipya lilizinduliwa Aprili 2016. Nilikuwa na sanduku moja, cheti cha ualimu, na ile Phoenix ambayo baba alinikabidhi akisema, "Mwalimu hawezi kuchelewa kazini." Kigali sisi tuliotoka Tanzania tuliitwa "TZ". Kiswahili chetu kilitaniwa mitaani, lakini shuleni kilihitajika, nikapata kazi.

Wiki ya tatu

Ajali yangu ilitokea wiki ya tatu, pale Kinamba, bondeni kati ya Gisozi na Kacyiru. Ilikuwa asubuhi ya Novemba na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nilitoka kwenye kinjia cha udongo kuingia barabara kubwa. Nikatazama kulia kwanza, kama nilivyofundishwa, kwa sababu Tanzania gari la karibu hutokea kulia. Hapakuwa na kitu. Nikaingia na kushika upande wangu wa kushoto, moyo umetulia kabisa. Basi dogo la abiria likawa mbele yangu, uso kwa uso.

Dereva hakuwa na kosa. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye njia yake. Alipiga honi, nikabana breki, nazo breki za Phoenix rimu zikilowa hazishiki kitu. Nikakata usukani na kuangukia mtaroni. Anayeijua Kigali anajua mitaro yake: imejengwa kwa mawe, na ina kina. Kifundo cha mkono wa kulia kilivunjika.

Wiki sita nilifundisha nikiwa na plasta, nikiandika ubaoni kwa mkono wa kushoto. Wanafunzi walicheka, nami nikacheka nao. Kilichoniuma zaidi ni maneno ya wakubwa. Mzee mmoja wa mtaani aliniambia kwa upole kabisa kwamba mwalimu wa kike juu ya baiskeli ni jambo la kutazamwa mara mbili, na akianguka hutazamwa mara tatu. Sikumjibu. Phoenix ikatundikwa nyuma ya nyumba, ikakaa huko miaka kumi na minne na ushei. Kila siku nilipanga foleni ya basi, na kila jioni nilirudi nyumbani giza limeshaingia.

Jumapili zisizo na magari

Mwezi Mei 2016 Jiji la Kigali lilianza utaratibu wa kufunga baadhi ya barabara kuu kwa magari asubuhi ya Jumapili moja kila mwezi, ili watu watembee, wakimbie na kuendesha baiskeli. Baadaye, mwaka 2018, ukawa mara mbili kwa mwezi. Kwangu ilikuwa kama kufunguliwa darasa. Niliishusha Phoenix, nikampelekea fundi wa Gakinjiro, akabadilisha tairi, tyubu, mnyororo na raba za breki. Jumapili iliyofuata nikaingia barabarani nikiwa na miaka 37, nikijifunza upya kukaa upande mmoja wa barabara.

Aliyenisaidia ni yule yule kaka. Yeye alibaki Karagwe, na kwa miaka mingi amekuwa akivuka Rusumo na maharage na mchele. Nilipomsimulia kwa simu kwamba bado mwili unanivuta kushoto, alinicheka kisha akasema: "Dada, kichwa husahau. Upe mkono kazi." Yeye akivuka kuja Rwanda hufunga kitambaa chekundu kwenye mshikio wa kulia wa usukani. Akirudi Tanzania hukifungua na kukifunga kushoto. Kila anapofika njia panda, macho hukiona kitambaa na mkono hufuata.

Nilifunga changu siku hiyo hiyo. Wafanyabiashara wenzangu wa mpakani, mnaovuka Rusumo, Kagitumba au Gatuna, chukueni dawa hii ni ya bure. Wanaovuka kwenda Goma, Bukavu au Burundi hawana shida hiyo, kwani huko pia watu hupita kulia. Na mjue hatari haipo pale darajani, ambako kila mtu yuko macho. Iko siku ya kumi au ya ishirini, umeshazoea, barabara ni tupu, unatoka kwenye kinjia na kichwa kimejaa hesabu. Unapoingia barabara ya Rwanda, gari la karibu linatoka kushoto. Tazama kushoto kwanza, kisha kulia, kisha kushoto tena. Sema kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Hakuna atakayekucheka kama mtaro.

Njia yangu

Naishi Gisozi na nafundisha Remera. Kwa basi ni lazima nishuke bondeni na kupanda upande wa pili. Kwa baiskeli ni vivyo hivyo, ila nachagua nipandie wapi. Njia fupi ni kushuka Kinamba, kupanda Kacyiru, halafu kufuata mgongo wa kilima hadi Gishushu na Remera. Kipande cha Kacyiru ni kifupi lakini kikali, na asubuhi magari hubanana. Nilikijaribu wiki mbili, nikawa nafika darasani nahema na kusahau majina ya watoto.

Siku hizi kutoka Kinamba nafuata bonde, napita Utexrwa, ndipo nipande Nyarutarama karibu na uwanja wa gofu na kutokea Gishushu. Ni mzunguko, lakini sehemu kubwa ni tambarare, na mlima naukuta mwili umeshapata moto. Kigali ukitazama ramani utadanganyika, kwa maana ramani haioneshi vilima. Waulize wanaobeba abiria kwa baiskeli, tunaowaita abanyonzi. Hao wanajua kila kinjia kinachoepuka mlima.

Ila jambo moja msiige: kushika nyuma ya lori ili likuvute kupanda. Lori likifunga breki ghafla, huna pa kwenda. Mlima ukikushinda, shuka usukume. Mimi nashuka mara moja kila siku, pale pale, na nimeshazoea kusalimiana na mama anayeuza ndizi hapo.

Masika na vifaa

Ndugu zetu wa Ulaya wana theluji. Sisi tuna masika. Mvua kubwa hunyesha Machi hadi Mei, na za vuli huanza Septemba hadi Desemba. Baridi ya Kigali yenyewe si ya kutisha, alfajiri ni nyuzi 15 hivi. Lakini shuka kilima ukiwa umelowa, upepo ukikupiga kifuani, utadhani vidole si vyako. Kwa hiyo nina glavu za sufi, koti la mvua lenye kofia, na suruali ya plastiki ninayoivaa juu ya nguo. Sketi na viatu vya kazi viko kabatini shuleni. Madaftari ya wanafunzi hufungwa ndani ya mifuko miwili ya nailoni, kwani insha ya mtoto ikilowa huwezi kumwambia aandike tena.

Mwaka 2019 Phoenix nilimpa mlinzi wa shule, nami nikanunua baiskeli ya mtumba yenye gia. Phoenix ni mama wa barabara tambarare; milima hii inataka gia. Vingine ninavyoviona vya lazima ni hivi: matagadi mbele na nyuma, la sivyo tope litakuchora mgongo mzima, kofia ngumu, kengele, na raba za breki mpya kabla ya masika, si baada yake. Rimu zikiwa na maji, bana breki mapema na kidogo kidogo. Jioni futa mnyororo na uutie mafuta, kwani udongo mwekundu hula chuma.

Mvua ikiwa ya radi, siendeshi. Mvua kubwa ikinyesha usiku kucha, napiga simu kwanza kwa mtu wa bondeni kuuliza kama maji yamepanda barabarani. Siku hiyo napanda basi, na sijioni nimeshindwa.

Tangu Januari 2023 masomo huanza saa mbili na nusu asubuhi na kwisha saa kumi na moja jioni. Asubuhi ni raha, jua limeshatoka. Jioni ndipo pa kuangalia, kwa sababu jua letu huzama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, na giza huingia upesi. Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na fulana ya kung'aa. Dereva hawezi kumkwepa mtu asiyemwona.

Binti yangu

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kuanzia tarehe 21 hadi 28, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Shule za jiji zilifungwa wiki hiyo. Nilikwenda na binti yangu wa miaka 15 kusimama kwenye mlima wa gofu, ule ule ninaoupanda kila asubuhi. Jumamosi walipita wanawake. Aliyeshinda alikuwa Magdeleine Vallieres wa Kanada. Binti yangu hakupiga makelele kama wengine. Aliwatazama tu mpaka wa mwisho alipopita, akaniuliza: "Mama, hapa ndipo unaposhuka na kusukuma?"

Nikasema ndiyo.

Tulipofika nyumbani akaomba baiskeli ya kwendea shule. Usiku ule sikulala vizuri. Nilikumbuka honi, mawe ya mtaro, na mkono wangu ulivyokaa vibaya. Nilikumbuka pia yule mzee na maneno yake, na ile miaka niliyoitumia kwenye foleni kwa sababu nilimwogopa kuliko nilivyoogopa basi. Baba yake alisema uamuzi ni wangu, kwa kuwa mimi ndiye ninayeijua barabara.

Nilimnunulia. Kwa Jumapili nne tumeendesha pamoja, yeye mbele, mimi nyuma nikimtazama anavyoingia njia panda. Kabla ya siku ya kwanza ya kwenda peke yake nilikata kitambaa chekundu, nikamfungia kwenye mshikio wa kulia. Akakitazama, akakifungua taratibu, akanirudishia mkononi.

"Mama," akasema, "mimi kushoto kwenu sikujui."

Kisha akatazama kushoto, akatazama kulia, akatazama kushoto tena, akaingia barabarani. Kitambaa changu bado kipo kwenye usukani. Nina miaka 46, na mwili wangu bado hukumbuka Karagwe.